Jeli ya Begani

Katika somo la tafsiri tulipewa zoezi la kuchukua habari moja ya sayansi, kuiandika kwa Kiswahili, kuisoma mbele ya watu wasio wanafunzi, kisha kuandika walichoelewa. Wenzangu walichagua habari za nzige, za mwezi na za akili mnemba. Mimi nilichagua habari ya jeli.

Habari yenyewe ni fupi. Mwezi Juni 2024, katika mkutano wa wataalamu wa homoni uliofanyika Boston, Marekani, watafiti walieleza matokeo ya jaribio la dawa ya kupanga uzazi ambayo mtumiaji wake ni mwanaume. Ni jeli inayopakwa nyuma ya mabega yote mawili mara moja kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ndani yake mna homoni mbili. Ya kwanza ni testosterone, ambayo mwili wa mwanaume huitengeneza wenyewe. Ya pili ni Nestorone, ya ukoo wa projestini, yaani ukoo uleule wa dawa iliyomo katika sindano na vipandikizi vya wanawake. Kati ya wanaume 222 waliotumia jeli kwa angalau wiki tatu, asilimia 86 walikuwa wameshuka hadi mbegu milioni moja au pungufu kwa kila mililita ilipofika wiki ya 15. Milioni moja inasikika nyingi, lakini mwanaume wa kawaida huwa na makumi ya mamilioni. Jaribio hilo limeshirikisha wanandoa zaidi ya 400 katika nchi kadhaa, na Kenya ni mojawapo.

Hilo neno Kenya ndilo lililonifanya niichague habari hii. Kwetu ni Busia, mji ambao mtu anaweza kuanza chai Kenya na kula chapati Uganda kabla chai haijapoa. Kwa upande wa mama sisi ni watu wa Tororo. Kaka yangu ni mwendesha boda boda, na wazee wa hapa watakuambia kwamba jina hilo lilizaliwa kwetu, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu katika kile kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita "boda, boda". Kwa hiyo nilipofika likizo nilijua nitasomea wapi zoezi langu: kwenye steji yao, saa nane mchana, wakati abiria ni wachache na jua linawalazimisha wote kukaa chini ya mti mmoja.

Sikumaliza aya ya kwanza. Mmoja wao alinyanyua mkono kama mwanafunzi, akasema, "Mwalimu, sema tu ukweli. Mnataka kutufanya maksai."

Wakacheka wote, na kaka akacheka kuliko wengine.

Kwa asiyetoka kwetu, neno hilo linahitaji maelezo. Watu wa Teso na jirani zao hulima kwa ng'ombe. Kwa babu yangu, karibu na Tororo, plau huvutwa na jozi ya maksai, madume waliohasiwa wakiwa wadogo ili wawe watulivu na wanene. Kila mtoto wa huko amewahi kuona kazi hiyo ikifanywa, na hakuna aliyeisahau. Ndiyo maana mtu akitaja dawa ya kuzuia uzazi kwa mwanaume, picha inayokuja kwanza kichwani ni ya ng'ombe wa babu, wala si ya hospitali. Hata vasektomia, ambayo ni kukata na kufunga mirija miwili tu na kuacha korodani zikifanya kazi zake zote, huitwa na watu wengi kuhasiwa. Neno moja la shambani limeshinda mabango yote.

Kinachoniuma kama mwanafunzi wa lugha ni kwamba Kiswahili hakina upungufu hapa. Tuna hanithi, asiyeweza tendo. Tuna mgumba, asiyezaa. Tuna maksai, aliyeondolewa vyote. Hayo ni mambo matatu tofauti, na wahenga waliyapa majina matatu. Sisi ndio tumeyatia yote katika gunia moja na kuliandika "nguvu za kiume", maneno yaleyale yaliyo kwenye vibandiko vya wauza mitishamba sokoni. Mwanaume akisikia kwamba mbegu zake zitapungua, anasikia kwamba nguvu zitapungua, kwa sababu hajawahi kufundishwa kuvitenga hivi viwili.

Basi nikaiweka karatasi kando nikawaeleza kwa sukari. Hakuna mtu wa mpakani asiyeielewa sukari. Nikasema: ubongo ni mwenye duka, na korodani ni kiwanda. Mwenye duka akiona rafu zinaanza kuwa tupu, anatuma oda kiwandani. Oda hizo ni homoni mbili zinazotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Kiwanda kikipata oda kinatoa testosterone, na humohumo ndani, kwa sababu testosterone imejaa kiwandani kuliko mahali pengine popote mwilini, mbegu nazo zinatengenezwa. Sasa tuseme sukari imeingia dukani kwa njia ya panya. Rafu zimejaa. Mwenye duka hatumi oda. Kiwanda kinalala, na mbegu zinakoma. Lakini wateja dukani hawakosi sukari: ndevu zipo, sauti ipo, misuli ipo, hamu ipo. Jeli ndiyo hiyo sukari ya magendo, nayo inapita kwenye ngozi ya bega. Ile Nestorone kazi yake ni kumsadikisha zaidi mwenye duka kwamba hakuna haja ya kuagiza. Mtu akiacha kupaka, rafu zinapungua, oda zinatumwa tena, na baada ya miezi kadhaa kiwanda kinarudi kazini, maana mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.

Hapo walinisikiliza. Yule wa maksai aliuliza kama ni kweli kwamba mtu akiacha anarudi alivyokuwa. Nikasema katika majaribio wanaume hufuatiliwa hadi mbegu zirudi. Mwingine akauliza bei. Halafu mmoja, kijana wa umri wangu, akasema jambo ambalo kila mtu alilipigia makofi: "Mimi hiyo naitaka. Nikipaka, halafu mke aje aniambie ana mimba, nitajua moja kwa moja si yangu."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari kama mfano wa kuelewa, maana kweli alikuwa ameelewa.

Jioni niliisoma habari tena, safari hii jikoni kwa shemeji, mke wa kaka. Hapa ni lazima nieleze mambo ya ndani kidogo, na nina ruhusa yake. Shemeji amezaa watoto watatu katika muda wa chini ya miaka mitano. Baada ya wa tatu alianza sindano ya miezi mitatu, na alianza bila kumwambia mtu. Kila muhula ulipofika alimwambia kaka kwamba anakwenda Tororo kumsalimia mama yake. Alivuka mpaka, akapanda gari, akashuka kwenye kituo cha afya ambako hakuna anayemjua mumewe, akachomwa, akapeleka kadi ya kliniki kwa mama yake ifichwe, kisha akarudi jioni na mfuko wa karanga kuwa ushahidi wa safari. Alifanya hivyo kwa karibu miaka miwili. Mwaka 2018 marais wawili walifungua hapa kituo cha pamoja cha mpaka ili malori yavuke haraka. Kituo hicho kimemrahisishia njia hata mwanamke aliyekwenda kujificha.

Siri ilitoka kwa damu. Alitokwa damu karibu siku ishirini, jambo linalojulikana sana kwa watumiaji wa sindano hiyo, hadi kaka mwenyewe akampakia kwenye pikipiki na kumpeleka kliniki ya upande wetu. Mhudumu aliuliza swali la kawaida, mbele ya mume: "Unatumia njia gani ya kupanga uzazi?" Shemeji alikuwa amechoka kudanganya, akasema. Kaka hakuzungumza kwa siku mbili. Siku ya tatu aliuliza swali moja tu, kama ni ile sindano inayomtoa damu hivyo. Akaambiwa ndiyo. Basi yakaisha, au yalionekana kuisha.

Nilipofika kwenye asilimia 86, shemeji aliacha kuchagua mchele.

"Shemeji, na hao wengine?"

"Wapi?"

"Umesema themanini na sita katika mia. Hao kumi na wanne wako wapi?"

Nikamwambia hao kufikia wiki hiyo mbegu zao zilikuwa hazijashuka vya kutosha.

"Sasa kama kaka yako yumo katika hao kumi na wanne, na mimi nikashika mimba, nani ataulizwa?"

Nilitazama karatasi yangu. Nilikumbuka makofi ya pale stejini.

Nimelifikiria swali hilo kuliko jambo lolote lililo katika habari ile. Dawa ya mwanamke ikishindwa, kushindwa kwake kunaonekana katika mwili uleule ulioitumia. Yeye anajua alichomwa lini, anajua alichelewa au hakuchelewa. Dawa ya mwanaume ikishindwa, kushindwa kunaonekana katika mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayeitwa kwenye kikao cha wazee ajieleze. Tumezoea kusikia watu wakiuliza kama wanawake watawaamini wanaume wanaosema wamepaka. Ni swali la haki. Lakini kwetu kuna la pili lenye ukali zaidi: kama mwanaume atamwamini mkewe siku jeli itakapomwangusha. Hakuna njia ya uzazi isiyoshindwa kabisa. Neno hilo huwa dogo, mwishoni mwa karatasi, na mimi pia katika rasimu ya kwanza nililiweka mwishoni kwa sababu ndipo lilipokuwa katika Kiingereza.

Watafiti wanalijua. Katika majaribio ya aina hii wanandoa hawaambiwi waitegemee dawa tangu siku ya kwanza. Hutumia njia nyingine mpaka kipimo kionyeshe kwamba mbegu zimeshuka, na wanaume huendelea kupimwa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni jeli pamoja na darubini na mtu wa maabara anayejua kuhesabu. Jeli ikifika Busia bila kipimo, shemeji ana haki ya kuiogopa. Ikifika na kipimo, basi mwanaume atalazimika kufanya jambo ambalo wanaume wengi wa kwetu hawajawahi kulifanya, kuingia kliniki ya uzazi kwa miguu yake, akiwa hana ugonjwa, akapewa kikopo. Mimi naona huenda hilo likabadilisha mengi kuliko homoni zenyewe. Njia za wanawake zimesifiwa kwa sababu zinaweza kufichwa, na ni kweli siri hiyo imewaokoa wengi. Njia hii haiwezi kufichwa. Mtu hawezi kupaka mabega kila siku katika chumba kimoja na mkewe wasizungumze.

Watu husema wanaume wetu hawatakubali. Nina sababu ya kutoamini haraka. Mwaka 2006 majaribio mawili makubwa ya tohara yalisimamishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa mazuri mno kuendelea kuwanyima wengine: moja Kisumu, lenye vijana 2,784, na jingine Rakai, Uganda, lenye wanaume 4,996. Yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanaume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Wajaluo hawakuwa na mila ya kutahiri, wala Wateso, wala Wapadhola wa Tororo. Ilisemwa kwamba hawatakubali kamwe. Walipanga foleni. Kisu kile kilikuwa kisu kweli, na mahali pale palikuwa palepale panapoogopwa.

Tofauti ni kwamba kisu kilimlinda mwenyewe aliyekatwa. Jeli inamlinda mwingine. Hapo ndipo dawa za wanaume zimekwama miaka yote hii, hata kwa wataalamu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonyesha mwaka 1990, kwa wanaume 271 waliochomwa testosterone kila wiki katika nchi saba, kwamba jambo hili linawezekana. Huko Australia sindano ya shemeji, ileile ya miezi mitatu, ilijaribiwa kwa wanaume hamsini na kitu pamoja na testosterone ya kupandikizwa chini ya ngozi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003: hakuna mke aliyepata mimba. Kisha likaja jaribio la sindano mbili kila wiki nane, lililokuwa na wanaume 320. Katika kipindi cha kuitegemea dawa, mimba zilikuwa nne tu. Lakini kamati ya usalama ililisimamisha mwaka 2011 kwa sababu ya malalamiko: chunusi, maumivu ya sindano, kubadilika kwa hisia, huzuni. Zaidi ya robo tatu ya wanaume wenyewe walisema wangeendelea nayo kama ingekuwapo.

Nilipomsomea shemeji orodha hiyo ya malalamiko, alicheka kwa muda mrefu. Sikumlaumu. Hata hivyo sidhani kamati ilikosa utu, kwani huzuni ni ugonjwa. Tatizo ni mizani. Kwa mwanamke, madhara ya dawa hupimwa dhidi ya hatari ya mimba na ya kujifungua, na hatari hiyo kwetu si hadithi. Kwa mwanaume, upande wa pili wa mizani hakuna kitu, kwa sababu yeye hafi leba. Basi chunusi inakuwa nzito. Kama mizani ingepima nyumba badala ya mtu mmoja, siku zile ishirini za damu zingewekwa humo pia, na nauli za Tororo, na karanga za ushahidi. Najua dawa haipimwi hivyo leo. Ningependa mtu wa sheria za dawa anieleze kwa nini isipimwe hivyo.

Nami sitakwepa swali ambalo msomaji ameshaliuliza. Ndiyo, ningeipaka. Chuoni kwetu mchango wa mvulana katika kupanga uzazi, kondomu ikipasuka au ikisahaulika, ni kukimbia duka la dawa kununua P2 na kujiona muungwana kwa sababu amelipa. Nimekwenda duka hilo. Mwenzangu ndiye aliyemeza, na ndiye aliyetapika, na ndiye aliyehesabu siku. Mimi nilikuwa na risiti. Mtu wa miaka 22 ambaye hataki mtoto kabla ya kumaliza masomo ana njia mbili tu za kutumia yeye mwenyewe: mpira, au kufungwa kwa operesheni ambayo hakuna daktari atakayemshauri aifanye katika umri huu. Katikati hamna kitu. Kwa wanawake katikati mna kabati zima, na kila droo ina maumivu yake.

Nilipoandika tafsiri upya nilibadilisha mambo matatu. Niliondoa "nguvu za kiume" kila mahali, hata pale ambapo ingependeza. Badala ya "dawa ya kuzuia uzazi kwa wanaume" niliandika "dawa ya kusimamisha mbegu kwa muda", kirefu kidogo, lakini hakina ng'ombe ndani yake. Na ile sentensi ya kushindwa niliipandisha juu, ikawa ya pili: kwamba wapo wanaume ambao jeli haitawashusha vya kutosha, kwamba hakuna ajuaye kuwa yeye ni mmojawapo mpaka apimwe, na kwamba mimba ikitokea si ushahidi juu ya mke. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba maneno hayo ya mwisho hayamo katika matini asilia. Ni kweli hayamo. Sikuyaondoa.

Jeli bado haiuzwi popote. Jaribio kubwa zaidi linatakiwa kabla ya nchi yoyote kuipa kibali. Niliwaeleza hivyo pale stejini kabla sijarudi chuoni, na yule wa maksai akasema basi nimewapotezea muda. Nilidhani habari imeishia hapo.

Wiki tatu baadaye kaka alinipigia simu usiku. Tulizungumza mambo ya mvua, ya bei ya petroli, ya mtoto wa kwanza kung'oka jino. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kijana, ile jeli yako. Si ulisema inapakwa begani?"

"Ndiyo, kaka. Nyuma ya bega."

"Na abiria je? Wakipanda wananishika hapohapo. Wengine ni akina mama wana watoto mgongoni. Na hili jua, jasho lote. Haitawaingia?"

Nikamwambia ni swali zuri sana, na kwamba kweli jeli za testosterone zinaweza kuhamia kwa mtu mwingine ngozi ikigusana na ngozi, hasa kwa watoto, ndiyo maana mtumiaji huambiwa anawe mikono, aiache ikauke, kisha avae nguo ya kufunika.

"Jaketi, basi."

"Hata shati linatosha, kaka."

"Jaketi ni salama zaidi," akasema, akakata simu kwa sababu salio lilikuwa linaisha.